Prosesa inaacha kazi na kuirudilia bila kusahau: inafanya ginsi gani?

Telefone iko inatoa muziki, mesaji inaingia, na wimbo haukatike. Mutu anawaza kama kazi zote zinaendelea pamoja. Kumbe kila kiini cha prosesa, ile ubongo ya telefone ao ya kompyuta, kwa kawaida kinafanya kazi moja tu kwa wakati moja. Kinaifanya kidogo, kinaiacha, kinashika ingine, kisha kinarudilia ya kwanza. Inakuwa mbio sana mupaka mutu hawezi kuona.

Ni sawa na mushonaji mwenye mashini moja. Akiwa anashona uniforme ya mutoto, muteja mwengine anafika na kazi ya haraka. Mbele ya kupokea kitambaa kipya, anaandika vipimo na pahali alifikia, anatoa uzi. Asipofanya vile, uniforme itaharibika.

Vitu gani vinawekwa?

Ndani ya prosesa kuna vyumba vidogo vinavyoitwa rejista. Ndimo munakaa hesabu za sasa na anwani ya amri inayofuata. Wakati wa kubadilisha kazi, sistemu inaandika hayo yote katika memori, kisha inarudisha ya kazi ingine. Wakati huo, hakuna kazi ya mutumiaji inayosonga mbele. Ikifanyika mara mamia ao maelfu kwa segonde, inakula wakati na batri.

Njia za kuharakisha

Ya kwanza ni kuwa na rejista mbili mbili. Prosesa Z80, iliyotoka Marekani mwaka 1976, ilikuwa na fungu la pili la rejista zake kubwa. Kwa amri mbili fupi, ilihamia fungu lingine bila kuandika kitu katika memori. Lakini fungu la akiba lilikuwa moja tu. Kazi ya tatu ikiingia, ilipashwa kuandika kama kawaida.

Ya pili ni kuachia prosesa yenyewe kazi ya kuweka. Prosesa Cortex-M3 na Cortex-M4 za ARM, zinazotumiwa katika vyombo vidogo vingi, zikiitwa kwa haraka zinaweka zenyewe rejista 8. Kama memori haichelewi, inachukua mapigo 12 tu ya saa ya ndani. Na kama kuna mwito mwengine unaongoja, hazirudishe zile rejista bure na kuziweka tena. Zinapita moja kwa moja kwa mwito unaofuata.

Ya tatu ni kuweka kidogo. Katika prosesa za Intel na AMD, rejista za hesabu za desimali ni nzito: ginsi moja ya kuziweka inaomba baiti 512, na katika prosesa mupya zaidi zinaweza kupita baiti 2.000. Kwa hiyo sistemu nyingi zilikuwa zinaziacha pahali pake, mupaka kazi ingine ihitaji kuzitumia. Ni kama mushonaji anayeacha daftari ya vipimo wazi juu ya meza, akisema muteja wa kwanza atarudi sasa hivi.

Mbio ilileta hatari

Mwezi wa 6, mwaka 2018, watafiti walionyesha kama ile daftari iliyo wazi inaweza kusomwa. Kosa hilo liliitwa LazyFP, na liligusa prosesa Intel Core. Prosesa hizo zinatangulia kufanya amri kabla ya kuhakikisha kama zina ruhusa. Kwa njia hiyo, programu mubaya iliweza kukisia yale programu ingine iliacha katika rejista. Na humo ndimo funguo za kuficha siri zinaweza kupita, zile zinazolinda feza na maneno ya siri.

Dawa ilikuwa kuweka na kurudisha rejista zote kila mara. Wenye kutengeneza Linux walikuwa wamekwisha kuchukua njia hiyo mwaka 2016. Haikurudisha mashini nyuma sana, juu prosesa za sasa ziko na amri inayoandika tu sehemu iliyobadilika.

Dawa hiyo ilifikia watu kupitia sasisho la sistemu. Mwenye kukataa masasisho ili kuchunga megabaiti anabaki na mashini yenye daftari wazi.