Jina la Mti na Jina la Mtu

Kazi ya ualimu imenizoeza kuanza na jina. Mwanafunzi mpya huulizwa jina kabla ya kuulizwa jambo lolote, maana jina ndilo mlango wa habari zake. Miti nayo ni hivyo hivyo, na somo hilo nililipata upya katika mji wa baridi kali.

Binti yangu alikuwa masomoni Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Nilikwenda kumtembelea kwa siku nne mwezi wa Januari, wakati ambapo jua huchomoza huko karibu saa tatu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mzee aliyevuka miaka sabini hashindani na theluji. Siku ya pili nilimwomba anipeleke mahali penye joto, naye akanipeleka kwenye bustani ya mimea.

Bustani hiyo ni mali ya Chuo Kikuu, na historia yake yaanzia mwaka 1600. Mahali ilipo sasa ilihamia katika miaka ya 1870, juu ya maboma ya kale ya mji. Ziwa dogo lililomo ni mabaki ya handaki lililochimbwa kuzuia maadui. Hapo ndipo lilipo jumba la michikichi na mitende, la chuma na vioo vitupu, lililokamilika mwaka 1874 kwa ufadhili wa J.C. Jacobsen, tajiri mwenye kiwanda cha bia. Kimo chake ni mita 16. Nilipoingia, miwani yangu ilifunikwa na mvuke. Nilipoifuta nikaona nje kumejaa theluji, na ndani kunanuka udongo uliolowa, kama kwetu baada ya mvua za masika.

Mimea ile imewekewa vibao vyenye majina mawili ya Kilatini. Utaratibu huo uliimarishwa na Mswidi Carl Linnaeus katika kitabu chake cha mwaka 1753. Faida yake haina ubishi: mwalimu wa Tabora na mwalimu wa Tokyo huelewana. Hata hivyo, jina huonyesha pia upeo wa aliyelitoa. Chukua mkwaju. Waarabu waliita tunda lake tende ya India, na Linnaeus akauandika mti huo Tamarindus indica. Wataalamu wa leo wanasema asili yake ni Afrika, lakini jina la India limebaki pale pale.

Sasa tutazame Denmark yenyewe. Nchi hiyo ndogo ilikuwa na ngome katika pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana, na mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi. Wanahistoria hukadiria kwamba meli zake zilibeba Waafrika wapatao 100,000 kwenda utumwani. Mwaka 1792 ilitolewa amri ya kukomesha biashara hiyo kuanzia mwaka 1803. Baadhi ya wakubwa wakaanza kuwaza: je, mazao ya Karibi hayawezi kulimwa Afrika kwenyewe?

Basi mwaka 1799 kijana mmoja, Peter Thonning, akatumwa kuichunguza mimea ya pwani ile, naye akakaa huko hadi mwaka 1803. Mbali na kukusanya mimea, aliandika pia majina ambayo wenyeji waliiita na namna walivyoitumia. Mwaka 1807 Waingereza waliipiga Copenhagen kwa mizinga, na mkusanyo wake ukateketea. Kwa bahati, sampuli alizowapa wenzake zilisalia, na mwaka 1827 maelezo yake yakachapishwa na Schumacher.

Mti mmoja uliomo katika kazi hiyo leo huitwa Piliostigma thonningii. Jani lake limegawanyika mfano wa ukwato wa ng'ombe. Msomaji aliyekulia porini kwetu anaufahamu. Wengine huuita msegese, na kamba za magome yake zimefunga mizigo mingi ya kuni. Hivyo jina la kijana wa Denmark limesimama katika mapori yetu, karne mbili baada ya safari yake.

Sina kinyongo naye. Alifanya kazi ya jasho, na alisikiliza alipoambiwa. Lakini nani alimwambia? Nani alivunja tawi na kumweleza kwamba hili hutibu tumbo na lile ni sumu? Hao walikuwa walimu wake. Katika vibao vyote nilivyosoma siku ile sikuona jina la mwalimu wa namna hiyo hata mmoja.

Niliporudi nilizungumza na walimu wa shule ya msingi iliyo jirani nami. Tukakubaliana kwamba kila mti wa shule upate kibao chenye mistari minne: jina la kisayansi, jina la Kiswahili, jina la kikabila, na jina la mzee aliyetueleza matumizi yake. Watoto walitumwa kwa babu na bibi zao wakiwa na daftari. Hadi sasa tuna vibao kumi na tisa. Wazee watatu kati ya hao waliotufundisha wamekwisha tutoka, na hilo ndilo linalonifanya niwahimize watoto wasingoje likizo.