Kilango cha Draya

Nyumba nyingi za Marekani na Kanada zina kitu kidogo ukutani, upande wa nje, ambacho mtu aliyekulia Tanga au Bukavu anaweza kukipita miaka na miaka asijue kazi yake. Ni kofia ya plastiki au ya bati yenye vibamba vitatu hivi vilivyolala kama luva za dirisha. Nyuma yake kuna bomba la inchi 4, na mwisho wa bomba, ndani, imekaa mashine ya kukaushia nguo. Kwetu nguo huanikwa kambani, jua na upepo vikamaliza kazi, ndiyo maana Kiswahili hakikuhangaika kukipa kitu hiki jina. Shida huanza kinapovunjika. Mswahili wa Columbus au Toronto anataka kumweleza nduguye anayejua ufundi, na yote anayoweza kusema ni "kile kidude cha nje".

Tafsiri inayokuja mdomoni kwanza ni "kifuniko cha tundu la hewa". Mimi siikubali. Sufuria ina kifuniko, kisima kina mfuniko, na vyote hukaa palepale hadi mkono uje kuviondoa. Hiki cha ukutani hakingoji mkono. Mashine ikiwashwa, feni husukuma nje hewa ya moto yenye unyevu na vibamba huinuka. Ikizimwa, huanguka kwa uzito wake na kuzuia baridi, ndege na panya. Fundi wa pampu za maji angekitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa ile vali inayopitisha maji kwenda na kuyakatalia kurudi. Napendekeza tukiite kilango: kilango cha draya. "Draya" haihitaji utetezi, saluni zetu zimeshaizoea. Kwenye mkataba wa nyumba anaweza kuandika mtu "kilango cha kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo", ila sidhani kama kuna atakayelisema lote hilo akiwa juu ya ngazi.

Aliyefundishwa kwamba hiki ni kifuniko, baridi ya Januari inapopenya atafanya linalofanywa kwa vifuniko: atakibana, pengine kwa tepu. Hapo hewa yenye unyevu itakosa pa kwenda, nguo zitazunguka saa nzima na kutoka mbichi, na nyuzinyuzi zinazochambuka kwenye nguo zitarundikana bombani. Nyuzinyuzi hizo hushika moto upesi sana. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 draya za majumbani zilisababisha moto mara 2,900 hivi kwa mwaka, na chanzo kilichoongoza kilikuwa kutosafishwa. Kama draya ni ya gesi, kuziba bomba ni hatari zaidi, maana kaboni monoksidi inaweza kurudi ndani, nayo haina harufu.

Kuna na suala la wavu. Wengi wetu tunakijua choo cha shimo chenye bomba la hewa, kile kilichobuniwa Zimbabwe, enzi hizo Rhodesia, katika miaka ya 1970. Juu ya bomba lake sharti kuwe na wavu: nzi hufuata mwanga, hukwama hapo na kufa. Mwenye ujuzi huo akiona kilango kimevunjika na shomoro wanaingiza majani, atakata kipande cha wavu na kukifunga. Wazo zuri, mahali pasipo pake. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani zinakataza wavu kwenye mdomo wa bomba la draya, kwa sababu nyuzinyuzi hunasa hapo hadi pakaziba. Bomba la choo halipitishi nyuzi.

Kukibadilisha si kazi kubwa. Plastiki iliyopigwa jua miaka mingi huwa kavu, kibamba kikakatika kwenye bawaba yake; usihangaike na gundi, nunua kilango kizima. Vipande vyake navyo vinahitaji majina: kofia, vibamba, na shingo, yaani kile kipande cha bomba kinachoingia ukutani. Kata silikoni ya zamani kwa kisu, fungua skrubu, vuta kofia itoke na shingo yake, kisha pitisha brashi ndefu ndani ya bomba kabla ya kuweka kipya. Shingo iungwe na bomba kwa tepu ya alumini. Ile tepu ya kijivu ya kitambaa gundi yake hukauka kwa joto na kuachia. Skrubu ndefu zinazotoboa bomba pia ni mbaya, kwani ncha zake hunasa nyuzi. Silikoni mpya ipite juu na pembeni, chini pabaki wazi ili maji ya mvua yaliyojipenyeza yapate pa kutokea.

Mwisho mwombe mtu awashe draya wewe ukiwa nje. Vibamba vikiinuka vyema, vikaanguka vyenyewe mashine inapozimwa, kazi imekwisha. Vikiinuka nusu tu kwa unyonge, tatizo liko ndani zaidi, kwenye kona za bomba, na kilango kingine hakitaliondoa.