Nasaba za Rufiji na Sensa Zisizotaja Majina

Agosti 2022 Kibiti ilihesabiwa kwa mara ya kwanza ikiwa wilaya yenyewe, mbali na Rufiji iliyoizaa. Na wakati huo ulistahili kuamsha swali ambalo kila jamaa ya bonde la mto Rufiji na ya visiwa vya delta yake huulizana msibani na arusini, yaani babu alizaliwa wapi, na nani awezaye kulithibitisha kwa karatasi.

Wajerumani walihesabu nyumba tangu 1898 kwa ajili ya kodi; Waingereza wakahesabu 1921 na 1931, wakaja na sensa kamili 1948, kisha 1957. Sensa ya 26 Agosti 1967, ya kwanza baada ya uhuru, iliuliza kabila, na ndiyo ya mwisho kufanya hivyo. Humo Mndengereko, mwenyeji wa Rufiji, ameandikwa kwa kabila lake.

Lakini mwaka uliofuata mto ulifurika, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, ambayo mtaalamu wa Norway, Kjell Havnevik, ameieleza kwa kirefu katika utafiti wake wa wilaya hii. Watu waliokuwa wakikaa kwa kutawanyika juu ya kingo za mto, kila mji na miembe yake, walihamishiwa nyanda za juu katika vijiji vya ujamaa. Dola ilisema inawaokoa na gharika. Mkulima naye, ambaye kwake maji yale yale yalikuwa msiba na rehema kwa pamoja, maana ndiyo yaletayo tope lenye rutuba na unyevu wa kupandia mlau, mazao ya baada ya maji kupungua, aliona anatengwa na riziki yake. Wengi walirudi kulima bondeni, wakilala madunguni kuwinga ndege na nguruwe. Hata hivyo sensa ya 1978 iliwakuta katika vijiji vipya, na mjukuu anayefuata karatasi kutoka mwaka huo kurudi 1967 hukuta uzi umekatika: kitongoji cha babu hakimo tena, wala hakuna pahali palipoandikwa kwamba watu wake ndio hawa.

Fomu za sensa zenye majina ni siri kwa sheria, na siri hiyo ni haki; tuchapishiwacho ni jumla. Tangu 1998, katika sehemu ya wilaya iliyo kando ya barabara ya Kibiti na Ikwiriri, watafiti wa afya walipita nyumba kwa nyumba kila miezi minne wakiandika vizazi, mauti na uhamaji. Ni hazina kubwa, lakini imekuja nyuma mno ya ule uhamisho.

Linaloniuma ni kwamba wazee waliohamishwa wakiwa watoto wangali hai, nao wanayataja makazi ya kando ya mto moja baada ya moja, na hakuna karani anayewaandika. Halmashauri za Rufiji na Kibiti zingeanza na daftari moja tu: jina la kitongoji cha zamani, kijiji kilichowapokea watu wake, na mwaka wa kuhama, nakala ipelekwe Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.