Mzunguko wa Siku Moja Pemba: Barabara ya Karafuu na Miji ya Bahari

Waarabu wa kale walikiita kisiwa cha Pemba al-Jazira al-Khadhraa, yaani kisiwa cha kijani. Jina hilo lamtosha anayekitazama kutoka chomboni. Anayekizunguka kwa baiskeli hutambua mapema kwamba chini ya ukijani huo mna jambo jingine, nalo ni vilima. Hakuna hata kimoja kifikacho mita mia moja, lakini havina mwisho. Kila bonde lina mpunga wake na kila mlima una mikarafuu yake, na mpanda baiskeli hapumziki kushuka ila apate kupanda tena. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kilomita 22, hivyo siku moja, kuanzia alfajiri hadi magharibi, yatosha kuizunguka nusu yake ya kaskazini na kurudi Chake Chake. Anayefanya hivyo hupita katikati ya zaidi ya miaka elfu moja ya historia.

Kabla ya kuelekea kaskazini, inafaa kwanza kushuka kusini-mashariki kiasi cha kilomita kumi hadi Pujini. Hapo, kando ya mkono wa bahari uliojaa mikoko, yamesimama magofu ya ngome ya karne ya 15, yenye maboma ya udongo na mawe, kisima, na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wenyeji husema ilijengwa na Mkama Ndume. Kukama ni kukamua, na jina hilo lamwonyesha mtawala aliyewakamua wanaume kama mtu akamavyo ng'ombe. Inasimuliwa kwamba watu walibeba mawe ya ujenzi vichwani huku wakijikokota kwa makalio, kwani mtawala hakuwaruhusu kusimama. Inasimuliwa pia kwamba wake zake wawili waliteka maji katika kisima kimoja, na ukuta ukawekwa kati yao wasionane.

Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba Pujini na kupima kuta zake. Vigae walivyofukua vimewapa tarehe, lakini kigae hakina uwezo wa kueleza uzito wa jiwe kichwani mwa aliyelibeba. Habari hiyo imehifadhiwa na hadithi. Haidhuru kama kila neno lake si kweli. Watu wa Pujini walikataa kulisahau jasho lililoijenga ngome ile, wakalitia katika jina lenyewe la mwenye ngome.

Kutoka hapo msafiri hurudi Chake, kisha hushika njia ya kaskazini kupitia Ole. Upande wa mashariki ardhi hunyooka na udongo huwa mwembamba juu ya mawe ya matumbawe, na miguu hupata nafuu. Mbele kuna Tumbe, kijiji cha wavuvi. Jirani na kijiji cha leo palikuwa na mji mkubwa uliostawi baina ya karne ya 7 na ya 10. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, na ndani yake zimepatikana shanga za makombe, vifaa vya kuzinolea, na vyungu vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi. Mji huo ulipohamwa, ulifuatwa na wa Chwaka, hapo hapo karibu, uliodumu hadi karne ya 16 na kuacha misikiti na makaburi ya mawe. Punje zilizoungua majikoni zimeeleza mengi: watu wa Tumbe walikula zaidi mawele, na wale wa Chwaka wakageukia wali. Mpunga unaoonekana leo mabondeni una nasaba ndefu kuliko ukuta wowote uliosimama kisiwani.

Adhuhuri ikipita, njia hugeuka magharibi kupitia Konde na kuteremka hadi Wete. Ng'ambo ya maji, kusini mwa mji huo, ndipo Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 palifukuliwa hapo akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, iliyozikwa katika karne ya 11. Sarafu za fedha zilikuwa za watawala wa pwani hii hii. Upande mmoja zina jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kimoja na jina hilo. Wapenzi wa mashairi na wafurahi: pesa za Mtambwe zilikuwa na vina.

Pujini, Tumbe, Chwaka na Mtambwe zote zimekaa ukingoni mwa maji. Barabara kuu haifiki hata moja kati yake. Sharti mtu aiache lami na kufuata vichochoro. Sababu ni kwamba miji ile iliitazama bahari, na barabara inautazama mkarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo shamba la karafuu la dunia. Watumwa waliletwa kutoka bara kufyeka, kupanda, kupalilia na kuchuma. Amri ya kuufuta utumwa kisheria ilitolewa mwaka 1897, na mikarafuu ilikuwa imekwishavifunika vilima.

Jioni, kwenye njia ya kale itokayo Wete kurudi Chake, ndipo miguu hujua ukweli huo. Huko magharibi vilima ni vikali zaidi. Msimu wa mavuno, karafuu huanikwa juu ya majamvi kando ya njia, na harufu yake humfuata mpanda baiskeli kutoka mlima hadi mlima. Kila mlima unaomtoa pumzi ulipandwa na watu waliobeba magunia kichwani, na kila mti una matawi mepesi kukatika, ambayo mchumaji huyapanda hadi kileleni.

Zama hizo za karafuu ndizo zilizowalea Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba, ambao tungo zao zilihifadhiwa vifuani na katika miswada hata zikakusanywa kitabuni mwaka 2011. Wenye ngome wameacha kuta, watawala wameacha sarafu, washairi wameacha beti. Waliopanda mikarafuu wameacha mikarafuu yenyewe, na mti hauna maandishi. Makaburi yao hayana nguzo.

Watu wa Pujini hawakuwa na kalamu, na bado walilichukua jina la Mkama Ndume kutoka karne hadi karne pamoja na habari ya mawe yake. Kwenye vilima kati ya Wete na Chake wako wazee waliosikia kwa bibi na babu zao ni nani aliyepanda shamba lipi, na alitokea wapi. Baiskeli ni chombo cha polepole. Yamruhusu mtu kusimama barazani, kuamkia na kuuliza. Na aulize sasa, maana mkarafuu huishi miaka mingi kuliko binadamu, na haujibu.