Unakotoka, Unakokwenda: Starehe za Wageni Iringa na Mbeya

Kila gesti ya Ipogolo mjini Iringa au Mwanjelwa jijini Mbeya ina daftari lake. Ni kaunta buku lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: jina kamili, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya chumba, sahihi. Mhudumu analisukuma kwenye kidirisha pamoja na kalamu iliyofungwa kamba isije ikaondoka na mgeni, kisha anauliza kama atahitaji maji ya moto asubuhi. Mwezi wa Juni au Julai hakuna anayekataa. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa inazidi mita 1,500. Mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam ataikumbuka ndoo ile ya maji kuliko kitanda alicholalia.

Ukitaka kuijua historia ya miji hii miwili, soma safu za unakotoka na unakokwenda. Tunduma, Lusaka, Kyela, Dar, Songea, Sumbawanga. Wengi wa walioandika humo walikuwa wanapita tu, na kwa karibu miaka 100 chakula, dansi na malazi ya Nyanda za Juu Kusini vimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliye njiani.

Haikuanza hivyo. Jina la Iringa latokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome, na wageni wa Kijerumani hawakukaribishwa kwa togwa. Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalikiangamiza kikosi chao. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894, na mji wa Iringa wa leo ukakua juu ya kilima kama kambi ya askari. Jengo la boma walilojenga bado limesimama, na tangu 2016 ni makumbusho. Mgeni anayetaka kuanza matembezi yake vizuri na aanzie hapo, kabla miguu haijachoka.

Mbeya ni mdogo kiumri. Ulianza 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wachimbaji walihitaji duka, benki, daktari na mahali pa kunywea walichokipata, na mji ulio chini ya mlima Loleza ukawapa vyote. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakiota barabara moja kutoka Cape hadi Cairo. Barabara Kuu ya Kaskazini, kama walivyoiita, ilipita Mbeya na Iringa kuelekea Dodoma na Arusha. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilipoanza kubeba abiria kati ya London na Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo kimojawapo, baada ya Dodoma na kabla ya Mpika. Hebu fikiria mji wenye miaka mitano tu, barabara zake za vumbi, na juu yake ndege inashuka na watu wanaokwenda Afrika Kusini!

Treni haikuwepo. Ajabu ni kwamba hoteli zilikuwa za reli. Shirika la reli la Tanganyika liliendesha malori na mabasi kutoka kwenye vituo vya Reli ya Kati kuja nyanda za juu, na anayesafirisha abiria siku mbili kwenye vumbi hana budi kumtafutia kitanda. Ndivyo Mbeya ilivyopata Mbeya Hotel, iliyokuja kuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Iringa nayo ilikuwa na White Horse Inn, jina ambalo lingeweza kubandikwa kwenye kijiji chochote cha Uingereza bila kubadilisha herufi. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alipita njia hii 1959, na safari yake akaichapisha kama kitabu mwaka uliofuata.

Hoteli hizo zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, na mara nyingi alitoka kwa mlango huohuo. Mhindi aliyekuja kibiashara alifikia kwa jamaa zake kule Uhindini. Miji yote miwili ina mtaa wenye jina hilo mpaka leo. Mwafrika alilala kwa ndugu, au kwa mtu wa kwao aliyetangulia kuja mjini. Sheria za pombe za kikoloni zilimnyima vinywaji vikali vya chupa kwa miaka mingi, hivyo burudani yake ikawekwa kwenye vilabu vya pombe za kienyeji vilivyokuwa chini ya leseni na kodi za serikali za mitaa. Kwa maneno mengine, alikatazwa kunywa cha mkoloni, kisha akatozwa kodi kwa kunywa cha kwake.

Cha kwake kilikuwa kitamu, tena hakijafa. Mgeni anayefika Iringa au Njombe wakati wa masika na kuondoka bila kuonja ulanzi amefika nusu. Mgema huukata mwanzi mchanga nchani, akauwekea mbeta, yaani kipande kingine cha mwanzi chenye uwazi, kikinge utomvu. Asubuhi na jioni anarudi, anaupasua tena kidogo kwa kisu kikali ili usizibe, anamimina kilichojaa na kuirudisha mbeta mahali pake. Hakuna hamira wala jiko. Uliokingwa leo ni mtogwa, mtamu kama juisi, hata mtoto huonjeshwa. Ukikaa unageuka kuwa mkangafu, na hapo mgeni asiyeujua husimama kwa kujiamini, kisha akakaa tena. Kwa Mbeya kuna kimpumu cha ulezi, kinachonywewa kwa mlija, na komoni ya mahindi ambayo haibagui mkoa.

Kilichobadilisha kila kitu kilitokea mbali na hapa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini imekuwa mikononi mwa adui. Mafuta mengi yakalazimika kupitia Dar es Salaam, ndani ya mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ya udongo. Madereva wa kigeni waliiita barabara ya jehanamu, na aliyeuona mlima Kitonga wakati wa mvua kabla ya lami hawezi kubishana nao. Bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta kwenda Zambia 1968. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na Mbeya ikapata treni yake hatimaye.

Hapo ndipo starehe iliposhuka mlimani. Miji hii yote miwili ilijengwa juu: Iringa ya zamani iko kilimani na barabara kuu inapita bondeni, Ipogolo; katikati ya Mbeya, kule Uhindini na Sokomatola, pako mbali na barabara inayopita Uyole, Mafiati na Mwanjelwa. Dereva wa lori lenye tela hapandi mlima kutafuta supu. Supu humfuata. Gesti zikaota kandokando ya lami, baa zikaota ubavuni mwa gesti, mama ntilie akajipanga mbele ya baa na masufuria ya wali wa Kyela, maharage na ndizi za Tukuyu. Makambako, Mafinga, Tunduma: miji mizima imekua kwa mwendo huo.

Haikuwa neema tupu. Wahudumu wa baa za barabara hii walilipa gharama kubwa. Mwaka 2000 watafiti walipoanza kuwafuatilia wanawake waliofanya kazi kwenye baa za mkoa wa Mbeya, walikuta zaidi ya nusu tayari wanaishi na virusi vya UKIMWI. Anayesimulia raha za njia kuu akaliruka hilo hajasimulia.

Kwa upande wa dansi, Mbeya ilitegemea sana bendi zilizokuja ziarani kutoka Dar na Morogoro. Iringa iliipita Mbeya. Wakati ule viwanda na mashirika ya umma yalimiliki bendi, wanamuziki wakiwa na ajira na vyombo vikiwa vya kampuni. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na jeshi, polisi na chama cha wafanyakazi vivyo hivyo. Iringa kilikuwepo kiwanda cha kuchonga almasi, Tancut, na katika miaka ya 1980 kikamiliki Tancut Almasi Orchestra. Almasi zilikwenda kwenye vidole vya watu wa nchi za mbali. Muziki ulibaki, ukarekodiwa Redio Tanzania, na nchi nzima ikacheza Kinyekinye Kisonzo, mtindo uliotoka katika mji ambao wengi waliujua kwa baridi na mahindi. Mbele walisimama waimbaji mapacha wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, sauti zao zikishikana kiasi kwamba msikilizaji wa redio hakujua ni nani kamwachia nani. Mashirika ya umma yalipoyumba, bendi nazo zikapoteza mlezi, na Tancut ikaenda na maji hayo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna kampuni ya nyanda za juu iliyowahi kuwekeza vizuri zaidi.

Kizazi kilichofuata kilishika kipaza sauti bila bendi. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr II na baadaye Sugu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa rapu ya Kiswahili katika miaka ya 1990. Aliiwakilisha Mbeya Mjini bungeni kuanzia 2010 hadi 2020, na jijini humo akajenga hoteli aliyoiita Desderia, jina la mama yake. Ukumbi wa Tughimbe pale Mafiati nao umewachezesha wengi, kuanzia wapenzi wa Bongo Fleva hadi harusi za Jumamosi.

Iringa ya leo ina mgahawa usiofanana na mwingine. Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulioanza 2003, unawaajiri watu wenye ulemavu, na wanaohudumia mezani ni viziwi. Mteja haiti "dada" wala hapigi mluzi. Anaandika anachotaka kwenye karatasi, au anajaribu ishara mbili tatu alizozisoma ukutani, na mhudumu anamrekebisha vidole kwa upole. Mgeni anayetoka humo amejifunza kusema asante kwa mkono kabla hajajifunza kuisema kwa Kihehe.

Kwa karibu miaka 30, mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku, kwa sababu ya ajali. Zuio hilo lilizijaza gesti nyingi kuliko tangazo lolote la utalii: aliyeshindwa kufika Sumbawanga kabla ya giza alilala Mbeya, akala Mbeya, na akiwa na chenji akacheza Mbeya. Mwaka 2023 Serikali ililiondoa. Stendi kuu ya mabasi ya Iringa nayo imeshushwa hadi Igumbilo, kandokando ya barabara kuu. Basi linaingia usiku wa manane, kondakta anatangaza dakika kumi za kuchimba dawa, abiria ananunua mayai mawili ya kuchemsha na chai, anarudi kwenye siti, na daftari la gesti linabaki na ukurasa mweupe.