Kutoka Mabwawa ya Tring

Njia hii ya kando ya mfereji wa Grand Junction, kaskazini-magharibi ya London, ilikanyagwa kwanza na farasi waliovuta tishali za makaa ya mawe. Leo nafuata nyayo zao, nikipanda sambamba na malango saba ya maji ya Marsworth, yanayopandisha na kushusha vyombo, hadi Tring, mfereji unapovuka vilima vya Chiltern.

Hapa juu ndipo shida ya wahandisi inapoeleweka. Kila lango lilipofunguliwa, zaidi ya lita 200,000 za maji ziliteremka na hazikurudi. Kilele cha mfereji kisingejazwa, mfereji ungekauka na biashara ingesimama. Basi wakajenga mabwawa: Wilstone mwaka 1802, Tringford 1816, Startops End 1817.

Ndege hawakuwemo katika hesabu hiyo. Lakini maji yalipotulia matete yaliota, samaki wakazaana, na kibisi kishungi akapata pa kujificha. Katikati ya karne ya 19 manyoya laini ya kifua chake yalisakwa kupamba mavazi ya wanawake, hata akakaribia kutoweka Uingereza.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1912, kijana wa miaka 24, mwanabiolojia Julian Huxley, alikuja hapa na darubini na daftari. Kwa majuma mawili aliwatazama vibisi wakichumbiana: dume na jike wakitikisa vichwa uso kwa uso, kisha wakizama na kuibuka na majani ya majini mdomoni, wakisimama kifua kwa kifua juu ya maji. Makala yake ya mwaka 1914 ni miongoni mwa misingi ya elimu ya tabia za wanyama.

Njia yake ikafika hadi kwetu. Mwaka 1960 UNESCO ilimtuma Afrika Mashariki na ya Kati kuchunguza hali ya wanyamapori. Aliporudi, aliandika gazetini kuonya kwamba wanaangamia, na onyo hilo likasaidia kuzaa shirika la uhifadhi la WWF mwaka 1961.

Nasimama kwenye ukingo wa Wilstone. Vibisi wawili wanatikisa vichwa kama walivyofanya mbele ya Huxley. Hakuanzia kwa tembo wala simba. Alianzia kwa ndege wa bwawa la kazi. Kwetu pia yapo mabwawa ya umwagiliaji na majaruba ya mpunga yenye ndege wasiotazamwa na mtu. Nayo yanastahili majuma mawili ya macho yetu.