Kompyuta ya Mwanachuo, Kutoka Marufuku hadi Kariakoo

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Hata Chuo Kikuu Huria kilipopokea wanafunzi wa kwanza, mwaka 1994, masomo ya mbali yalitegemea vitabu vya kuchapwa. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Korona ilipofunga vyuo mwaka 2020, kwa waliosomea mtandaoni kompyuta ikawa darasa lenyewe.

Wanachuo wengi wa Dar es Salaam huitafuta Kariakoo, jirani na Gerezani, penye kompyuta mpakato zilizokwishatumika ughaibuni. Mnunuzi mjuzi hutikisa bawaba, hubonyeza kila kitufe, kisha huchomoa chaja aone betri itadumu kipindi kizima. Kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD humfaa kuliko kioo kipana, ingawa kioo ndicho wauzaji wanachokisifia.

Kwa upande wa programu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ya bure na ya Kiswahili, mwaka 2004. Kazi nzuri, ila vyuo vilifundisha kwa Kiingereza. Mrithi wa OpenOffice, LibreOffice, ni bure pia, na kwa insha za chuo inatosha. Programu ya wizi haina udhuru.